Kila Samaki na Aliyemleta

Kabla ya mwaka 1925, Ziwa Naivasha lilikuwa na aina moja tu ya samaki. Kidagaa kimoja hivi, hakifiki urefu wa kidole cha kati. Ziwa zima la maji matamu, limezungukwa na mafunjo, limejaa viboko na ndege, na ndani yake samaki asiyejaza kijiko. Sababu yenyewe si ya ajabu. Mito Malewa na Gilgil inaingia Naivasha, lakini hakuna mto unaotoka kwenda baharini wala kwenda ziwa lingine. Ngege, kambare na wenzao hawakuwa na njia ya kufika wenyewe.

Watu waliokuwa ufuoni hawakuona kama kuna kitu kimepungua. Walikuwa Wamaasai, waliita maji yale Enaiposha, yaani maji yanayoenda na kurudi, na walichotaka pale kilikuwa kinywaji cha ng'ombe na majani wakati wa kiangazi. Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer alifika hapo akitokea Pangani, Wamaasai wakamwambia safari yake imeishia hapo, akageuza. Mwaka huo huo akapita Mskoti Joseph Thomson. Ukitaka kujua nani alikuwa mwenye ziwa, jiulize ni nani aliyeweza kumrudisha mgeni.

Leo ukienda Naivasha utakula samaki mpaka uchoke. Kila aina unayokula ililetwa na mtu, ama kwa kukusudia ama kwa uzembe, na tarehe zake karibu zote zinajulikana. Ni kama rejista ya wageni.

Mimi naishi Entarara, huku Kitengela, kwenye ploti ya hamsini kwa mia ambayo mama alinunua nikiwa darasa la pili. Hatuna ziwa. Tuna vumbi, tuna bauza za maji, tuna nguzo za ua hadi macho yanapoishia. Nilisoma historia chuoni miaka miwili, karo ikanishinda, nikatoka, na sasa naandika makala ya yeyote anayelipa. Kilichobaki kwangu kutoka chuoni ni tabia ya kusoma mikataba ya kale vile vijana wenzangu wanasoma mikeka ya kubeti. Na jirani yetu, mzee wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake wanapita nyuma ya choo chetu kila asubuhi, aliniambia siku moja kwamba babu yake alizaliwa Enaiposha. Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja kijiji cha jirani. Kutoka Entarara mpaka Naivasha ni matatu tatu na nusu siku, na nilijua vizuri familia haihami umbali huo na mifugo yake yote kwa kupenda.

Hapo ndipo nilianza kufuatilia samaki.

Lazima nianze Uingereza, mnivumilie kidogo. Waingereza waligawa samaki wa maji matamu katika matabaka, kama walivyogawa viti vya treni. Juu kuna salmoni na trauti, samaki wa mito baridi inayopita kwenye mashamba ya matajiri, wanaovuliwa kwa nzi bandia. Chini kuna wengine wote, kapu akiwemo, na neno wanalowaitia ni lile lile wanalotumia kwa kitambaa kinachokwaruza au chumvi ya mawe: samaki wasio laini. Hao waliachiwa watu wa viwandani, wakae Jumapili kando ya mfereji na kopo la minyoo. Watu hao walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1878 mbunge wa Sheffield, Anthony Mundella, alisukuma sheria ya kuwapumzisha samaki hao wanapotaga. Mpaka leo desturi yao ni kuvua, kupima, kupiga picha, na kurudisha samaki majini akiwa hai. Mama yangu, mtu wa Busia, nilipomweleza hilo alinyamaza kidogo kisha akauliza kama hao watu wako sawa.

Walipokuja Kenya walikuja na ngazi hiyo. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule wa kutembea Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, aliagiza mayai ya trauti kutoka Scotland na kuyatia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare. Ona wakati. Reli ilifika ufuo wa Ziwa Victoria 1901, na miaka minne tu baadaye mtu anahangaika na barafu na mayai ya samaki mpaka mlimani, ili mto wa Wakikuyu uwe na kitu cha kuvua Mskoti. Trauti alipewa mito ya juu na sheria zake na leseni zake. Naivasha ni ziwa la chini, halina ubaridi anaoutaka trauti, kwa hivyo likabaki likingoja.

Lakini kabla ya samaki kuletwa, watu walitolewa.

Tarehe 10 Agosti 1904, Wamaasai wakiongozwa na laiboni Olonana waliweka alama za vidole kwenye mkataba na kamishna Donald Stewart. Bonde la Ufa, Naivasha ikiwemo, likaachwa kwa walowezi, maana reli ilipita hapo na ardhi kando ya reli ilikuwa na wenyewe wapya. Wamaasai wakapewa sehemu mbili: Laikipia kaskazini, na hifadhi ya kusini, ambayo leo kwa sehemu kubwa ni Kajiado. Mkataba ulisema mpango huo utadumu muda wote kabila hilo litakapoendelea kuwepo.

Kuna vifungu viwili vidogo mle ndani ambavyo hunikaa kichwani kuliko hicho kikubwa. Kimoja kiliwaachia maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, juu tu ya ziwa, wawe wakirudi kutahiri vijana wao. Kingine kilitoa barabara ya kuunganisha hifadhi hizo mbili, upana wake usizidi nusu maili, ili ng'ombe wapite na kufika kwenye maji. Watu walioomba hivyo walijua hasa wanachopoteza.  Waliomba mahali pa jando na njia ya kunywesha.

Muda wote huo ukaisha baada ya miaka saba. Mwaka 1911 mkataba mwingine uliwataka watoke Laikipia pia, wote washuke kusini. Ole Gilisho na wenzake wakaenda kortini, na hiyo kesi ya mwaka 1913, inayojulikana kwa jina la Ole Njogo, wanafunzi wa sheria bado wanaisoma. Majaji walisema Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni taifa la kigeni lililo chini ya ulinzi wake, kwa hiyo mkataba wao ni jambo la nchi na nchi na mahakama haiwezi kuugusa. Yaani walitambuliwa kuwa taifa siku ile ile ambayo kutambuliwa huko kuliwanyima kesi. Nililisoma hilo mara ya kwanza maktabani nikacheka kwa sauti, mlinzi akaja kuniangalia.

Basi ufuo ukawa mweupe, kwa maana zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wenye mashamba walikuwa tayari na chama chao cha kusimamia ardhi inayoachwa wazi maji yakipungua. Mwaka 1937 ndege kubwa za Imperial Airways zikaanza kutua juu ya maji, zikishusha abiria wa Nairobi. Ziwa lilikuwa na kila kitu cha starehe, hata cha kuvua.

Mwaka 1925 ndio akaja wa kwanza, na hapa nilisimama kusoma nikatoka nje kuvuta hewa. Alikuwa ngege mweusi wa mto Athi. Athi, huu wetu! Mto unaoupita ukitoka Kitengela kwenda Mlolongo, unaonuka siku za jua. Wamaasai walishushwa kutoka Naivasha kuja nyika za Athi, na baadaye samaki wa Athi akapandishwa kwenda Naivasha. Mwaka 1929 akafuata besi kutoka Marekani, samaki mwenye mdomo mpana kama mfuko, mkali, mpiganaji, wa kuvuliwa kwa mchezo. Ngege alikuwa amemtangulia; chakula kilikuwa mezani. Yule kidagaa mwenyeji wa asili alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na wengi wanamlaumu besi.

Baadaye mambo yakaenda haraka. Mwaka 1956 waliletwa ngege wa aina nyingine, na pamoja nao akaingia mmoja ambaye hakualikwa, akazaana na yule wa Athi mpaka damu ya Athi ikapotea kabisa ziwani. Uvuvi wa biashara wa nyavu ulifunguliwa 1959, miaka minne kabla ya uhuru. Mpaka hapo ziwa hili lilikuwa la mshipi na starehe. Mwaka 1970 akaja kamba wa matope kutoka Louisiana, ambaye mpaka leo hoteli zinamuuza kama kitu cha kifahari na wavuvi wanamlaani kwa kukata nyavu.

Sasa kapu. Nilikwenda Naivasha kwa ajili yake.

Nilitoka Entarara saa kumi alfajiri na kufika ufuo wa Kamere, barabara ya South Lake, saa tatu na kitu, baada ya kupita mashamba ya maua yaliyofunikwa plastiki nyeupe kilomita baada ya kilomita. Mwenyeji wangu ni mvuvi wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Siaya, rafiki wa rafiki. Siku hiyo mashua yake ilikuwa na zamu na wenzake, kwa hivyo tulivua kutoka nchi kavu, yeye akinifundisha kama mtoto. Fito mbili za mwanzi. Mshipi wa nailoni. Ndoano, kipande kidogo cha risasi cha kuzamisha, na chelezo kilichokatwa kwenye slipasi kuukuu ya rangi ya bluu. Chambo kilikuwa ugali wa jana, uliokandwa upya mpaka ukawa kama gundi.

"Tupa hapo kwa matope," aliniambia. "Si huko mbali. Watu wa picha ndio hutupa mbali."

Kapu analisha chini. Ana sharubu nne fupi za kuonja, na mdomo unaochomoza na kurudi kama wa mtu anayefyonza supu. Hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni. Anafukua tope, anachambua, anatema lisilofaa, na ukitazama maji yaliyotulia utaona viputo vidogo vikipanda kwa mstari pale anapotembea. Nilivitazama viputo hivyo saa nzima. Kiboko alikuwa akikoroma kwenye mafunjo upande wa kulia, na kila akikoroma mwenyeji wangu alisogeza ndoo yetu hatua moja kushoto bila kukatiza maneno yake.

Aliniambia vijana wasio na leseni wanaingia majini kwa miguu, maji kifuani, wakiburuta nyavu usiku. Viboko wamewaua watu hapa, na askari wa doria wakija, kijana anachagua kati ya pingu na kiboko. Sehemu za umma za kufikia maji ni chache, nyingine zote ni geti na askari wa kampuni. "Ziwa ni ya serikali," alisema, "lakini mlango ni ya watu."

Chelezo changu kilitikisika mara mbili, kikalala ubavu, halafu kikaanza kwenda. Hakikuzama, kilienda, kama kimepanda matatu. "Wacha aende! Wacha aende, kaka! Sasa!" Nikavuta. Sijui kulinganisha na nini, sijawahi kuvua chochote kabla ya hapo. Fito lilipinda mpaka nikaogopa, na upande wa pili hakukuwa na kurukaruka kama ya sinema, ni uzito tu unaokwenda zake, unasimama, unakwenda tena. Dakika kumi hivi. Mwenyeji wangu aliingia mpaka magotini akamnyanyua kwa matumbuu. Kilo tatu na kidogo, rangi ya shaba iliyochakaa, magamba makubwa kama sarafu za shilingi ishirini. Anaguna hewani kwa ule mdomo wake wa supu. Kwa Kiswahili kapu ni kikapu kikubwa, na huyu, kwa vile alivyonona, jina lilimkaa.

Kapu hakuletwa Naivasha na bwana yeyote. Alikuwa akifugwa kwenye mabwawa huko juu, upande wa Malewa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akaponyoka na maji. Hakuna aliyeshangilia. Ziwa wakati huo lilikuwa taabani: ngege na besi walikuwa wamevuliwa mpaka kuisha, na Februari 2001 serikali ikafunga uvuvi mwaka mzima. Uvuvi ulipofunguliwa tena, huyu mgeni alianza kujaa nyavuni. Kufikia 2010 alikuwa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za samaki wote waliovuliwa Naivasha.

Wataalamu wana malalamiko yao na ni ya kweli: anachafua maji kwa kufukua, anang'oa mimea ya chini. Wapishi nao wanasema ana miiba mingi, jambo ambalo mama alilithibitisha Jumapili kwa maneno yasiyochapika. Lakini mimi nina upande, nauandika hapa. Ngege wa 1925 na besi wa 1929 waliletwa ili watu wachache wafurahi wikendi. Huyu asiye laini, aliyekuja kwa ajali, ndiye aliyelipa karo za watoto wa Kamere na Karagita na kushibisha wafanyakazi wa maua wasiomudu nyama. Tangu 2011 ngege wa Nile amekuwa akipandwa upya ziwani na anaendelea vizuri, bei yake ni nzuri kuliko ya kapu, na kapu anaanza tena kudharauliwa. "Hii samaki ilikuja kama sisi," mwenyeji wangu alisema akimpiga kapu wangu kichwani kwa rungu fupi, "hakuna mtu aliituma barua."

Nilimuuliza kama anajua waliokaa hapa kabla ya mashamba. "Wamaasai," alijibu papo hapo. "Lakini Maasai na samaki wapi na wapi." Hilo husemwa sana, kana kwamba asiyekula samaki hana neno juu ya ziwa. Na si kweli kwa wote wanaosema Kimaa. Ilchamus wa Baringo, ndugu zao kwa lugha, wanafuga na kuvua, na wana mashua ndogo za fito za mti mwepesi ambazo mtu mmoja anaweza kuibeba begani. Pale Baringo walibaki na ufuo wao. Mtu aliyeachwa kando ya maji hupata muda wa kubadilisha nia kuhusu samaki.

Sitaki nijifanye msafi hapa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela, iliyotokana na sheria ya ranchi za vikundi ya 1968, iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake, hati zikauzwa, vipande vikakatwa vipande. Mama alinunua kimoja kihalali na risiti ninayo. Ua wetu uko kwenye njia ambayo ng'ombe wa mzee walikuwa wakipita moja kwa moja; sasa wanazunguka. Mara mbili nimeona nyumbu wamesimama kando ya uzio wa jirani asubuhi, wanauangalia.

Nilirudi usiku na kapu kwenye ndoo, nusu yake barafu nusu yake magazeti. Kesho yake nilipitia kwa mzee. Samaki hakumtaka, alimtazama kwa adabu tu, kama unavyotazama mtoto mchanga wa mtu usiyemjua. Akaniambia nikae. Mkewe akaleta chai ya maziwa.

"Maji yamefika wapi?" akauliza.

Nikamwambia ya mwaka 2020, ziwa lilipopanda mpaka mtaa wa Kihoto ukaingia majini na watu wakahama na vitanda vyao, na kwamba nimeona nguzo za ua zimesimama ndani ya maji, waya bado juu yake.

"Na Kinangop inaonekana ukiwa pale?"

"Inaonekana, mzee. Asubuhi kabla ya mawingu."

Alikunywa chai. "Ng'ombe wananywea wapi?"

Nilimweleza nilichokiona: kati ya shamba moja na lingine kuna kichochoro cha umma kinachoshuka mpaka ufuoni, ua huku, ua huku. Nilikuta mbuzi wakishuka pale, na ng'ombe kama kumi nyuma yao, mmoja mmoja.

"Ina upana gani hiyo njia?"

Nikafikiria. Nikamwambia ni kama matatu mbili zikipishana.